Siku Bibi Pembe Alipotafuna Usinga Wangu

Haya, kwa kuwa mmeniuliza mbele ya wajukuu na siwezi tena kujifanya sisikii vizuri, nitaeleza mwenyewe, maana nikiwaachia watu wa Mnyuzi waeleze wataongeza chumvi, na chumvi ndiyo hasa iliyoniponza, mtaona. Mimi niliaibika, ndugu zangu. Niliaibika mchana kweupe, mbele ya kambi za mkonge zote, nikiwa nimevaa suruali nyeupe ya chama chetu cha ngoma iliyopigwa pasi, na aliyeniaibisha hata si binadamu. Mnacheka nini? Hata sijaanza.

Enzi hizo za Mwingereza kila kambi ya mkonge pale Korogwe ilikuwa na ngoma yake, na sisi wa Kambi ya Juu tulikuwa na yetu, na manju wake, yaani mtunzi na mwimbishaji, alikuwa mimi Hoza. Ilikuwa kazi ya sifa. Manju alipewa usinga, ule mkia wa ng'ombe uliofungwa kwenye mpini, na sheria ya ngoma yetu ilikuwa moja tu: usinga ukiwa juu, waitikiaji wanaitikia, ukishuka wananyamaza. Hata nyumba iungue moto, kama usinga haujashuka hakuna anayefunga kinywa. Nidhamu hiyo tuliringa nayo sana, na nawaomba mliweke hilo akilini.

Sasa mwaka ule nikakauka. Sijui niseme vipi mnielewe. Wimbo wangu wa mwaka uliopita ulipendwa mno, basi kila mtu akawa ananitaka, huyu anataka wimbo wa harusi, yule wa jando, mwingine anataka nimtungie wa kumsema jirani yake aliyemwibia kuku (na jirani naye alishakuja asubuhi kutaka wa kujibu), huku mchana kutwa nakata mkonge na kufunga matita mpaka mikono inawaka, na jioni nikifungua kinywa nitunge kitu, unatoka ule ule wimbo wa mwaka jana umevaa kofia nyingine. Nikashauriwa ninywe mayai mabichi na asali, nikanywa, nikaharisha. Nikashauriwa nikakae kando ya mto peke yangu, nikakaa, nikarudi na homa. Wimbo, hamna.

Kwini, yaani malkia, wa ngoma yetu alikuwa Mama Zena, mwanamke mpole wa sura na mkali wa maneno, ambaye hata manyapara walimwamkia. Akaniita barazani kwake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hoza mwanangu, una wimbo au huna?"

"Ninao, mama."

"Uko wapi?"

"Unakuja."

"Basi uambie uharakishe. Watu wa Mnyuzi wanakuja Idi pili, na usinga huo si wa kufukuzia nzi. Wakitushinda, utakuja kuuweka hapa mezani kwangu, nimtafute mwingine."

Nitawaambia kweli, niliogopa. Bila usinga ule mimi nilikuwa kijana mwembamba mwenye jino la mbele lililovunjika, mkata mkonge kama wengine wote. Nikaomba ruhusa kazini kwamba dada yangu anaumwa (hakuwa anaumwa, Mungu anisamehe, alikuwa na afya kunizidi), nikadandia lori hadi Handeni, kisha kwa miguu mpaka Kwaluguru, kwa huyo dada yangu Mwanaidi, ili kichwa kipate hewa.

Kule nikakuta mfugaji mmoja wa Kimasai, Mzee Sendeu, amepiga kambi na ng'ombe wake karibu na shamba la dada. Kila alasiri anasimama kando ya gogo lililochongwa kama mtumbwi, anamwaga humo chumvi, halafu anawaita ng'ombe kwa sauti. Jamani, ile sauti! Inapanda, inaning'inia juu pale kana kwamba imesahau njia ya kurudi, halafu inateremka taratibu mpaka kifuani mwako. Nywele zilinisimama. Tangu mwaka uanze hakuna kitu kilichokuwa kimenigusa hivyo.

"Mzee, wimbo huu una maneno?" nikamuuliza.

Akanitazama kwa huruma. "Maneno ya nini? Ng'ombe wanataka chumvi. Hawataki maneno."

Basi maneno nikayatia mimi. Nikachota chumvi ya dada jikoni, kila siku nikaenda kusimama pale kwenye gogo kabla ya mzee, nikaimba, na ng'ombe wakaja. Ng'ombe wengine walikuja wakalamba wakaondoka, lakini kulikuwa na mmoja mwekundu, mwenye pembe moja iliyopindia jichoni, nikamwita Bibi Pembe, huyo alikuwa anabaki. Ananitazama usoni. Nikirudia ubeti anasogea. Nikimpa chumvi mkononi ananilamba mpaka kiwiko. Mkicheka chekeni, lakini mtu aliyekauka anajua thamani ya msikilizaji mmoja anayesogea, nami nilijisikia manju tena.

Mwanaidi, ambaye chumvi yake ilikuwa inakwisha bila mboga kuongezeka ladha, aliniambia wazi: "Kaka, huo ni wito wa mifugo ya watu. Uache hapa hapa. Tunga wako."

Nami, kwa kichwa changu hiki hiki mnachokiona, nikamjibu, "Dada, ng'ombe wa Kwaluguru wako Kwaluguru. Korogwe ataujua nani?"

Idi pili ikafika. Watu wa Mnyuzi walishuka garimoshi na ngoma yao kubwa ambayo ilibebwa na wanaume wanne wakipokezana, na manju wao Kasimu, mtu mwenye kiburi cha kutembea kama anakanyaga mayai. Uwanja ulikuwa pale kando ya njia ya stesheni. Akina mama wamepanga maandazi na juisi ya ukwaju, Bwana Meneja amewekewa kiti, na sisi tumevaa nyeupe tupu. Kasimu akaimba kwanza, akaimba vizuri, mwizi yule. Kisha nikaingia mimi, nikainua usinga.

Nikauachia ule wimbo wa Kwaluguru.

Wallahi, uwanja ulinyamaza. Ile sauti ilipopanda, nikaona Mama Zena anashika kifua, nikaona Kasimu anatazama chini, na waitikiaji wakaupokea kwa nguvu ukasambaa mpaka ng'ambo ya mto. Nikajisemea, Hoza umeshinda. Nikarudia ubeti kwa raha.

Nisichokijua ni kwamba asubuhi hiyo hiyo Mzee Sendeu alikuwa amewafikisha ng'ombe wake Korogwe ili wapakiwe kwenye mabehewa ya kwenda Tanga, akawapumzisha mtoni. Na tangu watoke Handeni walikuwa hawajalamba chumvi.

Kwanza niliona vumbi. Nikadhani ni watu wanakimbilia kunisikiliza (ndivyo sifa zinavyompofusha mtu). Halafu nikaona pembe moja iliyopinda. Bibi Pembe alikuja mbele ya wenzake wote, akapita katikati ya wapiga ngoma bila kumsalimia mtu, akanijia moja kwa moja akanilamba uso, kuanzia kidevuni hadi kwenye kofia. Akanusa mfuko wa kushoto. Akanusa wa kulia. Hakuna chumvi. Basi akatazama juu, akaona mkia wa ng'ombe umeshikwa hewani, sijui alifikiri ni wa ndugu yake, akaudaka kwa mdomo.

Nikavuta nishushe. Akainua kichwa.

Sasa kumbukeni ile nidhamu. Usinga uko juu, tena juu kuliko nilivyowahi kuuinua mimi, na waitikiaji wangu, Mungu awabariki, wakaitikia kwa nguvu zaidi! Na kila wakiitikia ng'ombe wanazidi kuingia. Kwa nyuma namwona Mzee Sendeu anakuja mbio, shuka inapepea, anapiga kelele, "Nyamazeni! Nyamazeni, mnaniitia ng'ombe!" na watu wakadhani anashangilia, wakampigia vigelegele. Mimi napiga makelele, "Basi! Basi jamani!" na waitikiaji, wakidhani ni ubeti mpya, wakapokea: "Basi, basi jamani!"

Bibi Pembe akaanza kurudi nyuma na mimi nikaning'inia kwenye mpini, maana kuuachia usinga ndiyo kuuachia umanju, na kichwani mwangu bado nilikuwa nashindana. Akanivuta juu ya sinia la maandazi. Akanivuta kwenye kamba ya bendera, suruali ya chama ikanaswa, ikapasuka kuanzia kiunoni hadi mnakokujua. Fahali mmoja akatia mguu ndani ya ngoma kubwa ya Mnyuzi, akatembea nayo. Bwana Meneja akasimama juu ya kiti chake. Hatimaye Bibi Pembe akaona andazi chini, akainamisha kichwa alile, usinga ukashuka, na waitikiaji wote wakanyamaza papo hapo.

Kimya kile ndicho kilichoniua. Nilikuwa nimekaa kwenye mavi ya ng'ombe, suruali wazi, andazi nyweleni. Kisha akacheka mtu mmoja, na baada ya hapo hata Bwana Meneja.

Mnyuzi wakapewa ushindi, kwa sababu, alisema mwamuzi, wao angalau waliimbia watu. Na mnajua desturi: mshindi humtungia wimbo wa kumcheka aliyeshindwa, ukaimbwa kambi zote. Nilimwona Kasimu anaelekea stesheni huku midomo inachezacheza. Alishaanza kutunga.

Ng'ombe walitawanyika, garimoshi likaondoka bila wao, na mimi nikapewa shuka nijisitiri na fimbo nimsaidie Mzee Sendeu kuwakusanya. Mzee hakunigombeza. Alikuwa anacheka mpaka anaegemea fimbo. "Yule pembe sitamuuza," akasema. "Ng'ombe anayejua kuimba hauzwi." Nikacheka na mimi, kwa uchungu, na nikiwa nyuma ya mikia ile natembea, bila mayai wala asali, maneno yakaanza kuja. Yalikuja kwa kusukumana, kama ng'ombe wenyewe, mpaka nikawa naogopa yatanipita.

Jioni nikaenda kwa Mama Zena, nikaweka usinga mezani kama tulivyopatana. Umetafunwa nusu, umelowa mate.

"Weka, uende," akasema.

"Mama, kabla sijaenda, sikiliza." Nikaimba taratibu:

"Watu wa Korogwe, njooni arusini,
manju ameoa, mahari ni chumvi,
bibi ana pembe, kanivuta chini,
Bibi Pembe niachie, suruali ya chama!"

Alijikaza. Alijikaza kweli, lakini kwenye "suruali ya chama" akakaa chini, akajifuta machozi kwa kanga, akausukuma ule usinga kwangu kwa ncha ya kidole. "Chukua uchafu wako," akasema. "Kesho alfajiri waimbe wakienda mkongeni."

Wakauimba. Ukapanda garimoshi wenyewe. Kasimu alipomaliza kutunga wa kwake, alikuta watu wake pale Mnyuzi wanaufundishana wangu, na tulipokutana akanishika mkono akasema, "Hoza, umeniwahi hata kujicheka mwenyewe." Sijapata sifa nyingine kubwa kama hiyo.

Kwa hiyo wajukuu, mkikauka, msikimbilie kuokota cha watu. Tokeni tu mkaishi, aibu itawaletea maneno bure. Na mimi niliapa siku ile kutoimba tena nikiwa na chumvi mwilini, na kiapo nimekishika: hata leo bibi yenu akinituma dukani kununua chumvi, narudi nayo kimya, kama mtu anayetoka mazikoni, na nikikutana na ng'ombe njiani nabadilisha njia.