Kisogo cha Tabibu

Kabla ya kumuuliza mzee yeyote habari za mkojo, tabibu yule hakukosa kugeuza kiti chake na kutazama ukuta. Wazee walikijibu kisogo chake. Maswali yalikuwa saba, nayo aliyauliza kwa sauti ya mtu aliyechoka kupanda ngazi: Mkojo unakatikakatika? Unajikamua ndipo uanze? Usiku unaamka mara ngapi? Kila jibu alilipima kwa vidole, sifuri hadi tano, ndipo akaandika. Siku moja mzee mmoja aliletwa na binti yake, mwanamke wa makamo mwenye macho mekundu kwa kukesha. "Usiku naamka mara moja tu," mzee alisema. "Siku nyingine hata hiyo hakuna." "Hongera. Mimi mwenyewe sikufikii," tabibu alijibu, na kalamu haikugusa karatasi. "Ukinificha mimi, mzee wangu, figo hazitaficha. Dada, tupishe kidogo."

Binti alitoka. Nyuma ya ubao mwembamba uliotenga chumba alisikia swali lile lile, kisha baba yake akitaja mara sita, kwa unyonge ambao nyumbani hakuwahi kuusikia. Tabibu alipomletea cheti cha dawa, hakumtajia hesabu yoyote. Alijisugua macho kwa kiganja, akashusha sauti.

"Dawa atakunywa. Ila usimsimamie tena nje ya choo, dada. Akijua upo unamngoja, anatoka hajamaliza."