Neno la Mama Teofilė

Mimi nina hasira za karibu, na mtaa mzima wa gereji unalijua hilo. Basi mkinisikia namsifu mtu, jueni amenitoa jasho kwanza. Mama Teofilė Gudžiūnienė alinitoa jasho juma zima, tena akiwa amekaa kwenye kiti chake cha jikoni, brashi mkononi, bila kupandisha sauti hata mara moja.

Anakaa ghorofa ya tatu, mkabala na gereji zetu hapa mjini Panevėžys. Miaka ishirini na sita alifanya kazi kiwanda cha mita, akichora namba na vistari kwenye nyuso za vipimo, mpaka kiwanda kikafungwa na wenzake wakaenda Ayalandi kuchuma uyoga. Yeye akabaki na brashi zake. Ndipo sisi mafundi tukaanza kuleta magari ya Amerika kupitia bandari ya Klaipėda, yamebondeka ubavu, tunayanyoosha, tunayapaka rangi, tunayauza. Sasa gari la Amerika linasoma maili, na mkaguzi wetu anataka kilometa, vinginevyo hupati karatasi ya barabarani. Wengine walibandika stika za sokoni. Stika jua likiipiga inakunjamana, mshale unakwama kwenye mkunjo, unaoneshwa arobaini kumbe umeshapita themanini. Mama Teofilė hakuwa mtu wa stika. Alifuta uso wote wa spidomita, akaupaka nyeusi, akaanza upya kutoka sifuri.

Akichora namba, husemi. Redio inazimwa, birika linaondolewa motoni. Saba yake ina mstari tumboni, na sita yake imekaa vizuri mpaka unaionea huruma kuifungia nyuma ya kioo. Ukidhani kazi imekwisha, anavaa kitambaa chake kichwani, anachukua mkoba na ile saa ya kupimia mbio ya marehemu mumewe, aliyekuwa akifundisha vijana wa baiskeli, anakuja kukaa kando yako kwenye gari.

"Endesha. Barabara ya Pasvalys. Shika hamsini, usipunguze, usizidishe."

Kutoka nguzo moja ya kilometa hadi nyingine, kwa spidi hamsini, ni sekunde sabini na mbili. Zikija sitini na nane, maana yake spidomita inakudanganya, unakimbia kuliko unavyojua. Anarudi nyumbani, anafuta yote, anaanza tena. Mimi nimemwona akifuta uso mmoja mara tatu kwa sababu mwenye gari alikuwa amefunga tairi kubwa bila kumwambia. Yule mwenye gari alimwita mwenda wazimu. Mimi nilimwita hivyo hivyo, msinione mtakatifu.

Lakini lililotugombanisha halikuwa hilo. Ndani ya spidomita kuna kaunta ya umbali, vile vigurudumu vya namba, na hivyo havibadiliki kwa brashi. Vinaendelea kuhesabu maili. Basi kila gari alilolishika, chini ya kaunta aliandika neno moja kwa herufi ndogo: maili.

Na sisi wauzaji neno hilo tulikuwa hatulitaki kabisa. Mchezo wetu unaeleweka. Spidi ibadilishwe iwe kilometa, umbali uachwe ulivyo, na mdomo ufungwe. Gari lililotembea maili tisini na nane elfu linaonekana limetembea kilometa tisini na nane elfu. Hujasogeza namba. Hujasema uongo. Mnunuzi kajidanganya mwenyewe. Ndivyo tulivyoambiana tukinywa bia, na sauti iliyokuwa juu kuliko zote ilikuwa yangu.

Masika ile nilikuwa na gari moja la familia, kubwa, la kijivu. Mnunuzi alikuwa amepatikana: nesi Vilhelmina, anayezunguka vijiji vya upande wa Rokiškis kuwadunga sindano wazee na kuwafunga vidonda. Basi la vijijini lilikuwa limefutwa, na gari lake la zamani limekufa. Jumatatu lazima awe barabarani. Aliniuliza jambo moja tu kwenye simu: mkanda wa injini vipi? Ule mkanda wa meno, ukikatika injini inakufa hapo hapo. Gari lile, mkanda unatakiwa ubadilishwe kila kilometa laki moja na ishirini elfu. Nikamwambia, "Nesi, limetembea tisini na nane elfu tu. Bado una muda mrefu." Kuubadilisha ni kazi ya siku nzima, na mimi nilikuwa na magari mengine mawili yananingoja.

Nikapanda kwa Mama Teofilė. Nikanyoosha mkono pale mlangoni kumsalimu, akarudi nyuma.

"Ingia ndani kwanza. Unanipa mkono juu ya kizingiti, unataka tugombane?"

Niliingia, tukashikana mikono ndani, na bado tuligombana.

"Mama, safari hii lile neno lako liache," nikasema.

"Neno gani?"

"Unalijua. Maili."

Hakuacha kuosha brashi. "Vile vigurudumu vinahesabu nini, Rimgaudas?"

"Maili."

"Basi nitaandika maili."

"Mkaguzi anatazama spidi tu! Sheria haidai hilo neno! Unaniharibia biashara kwa herufi tano!"

"Ni nani anayelinunua?"

"Nesi mmoja. Wewe inakuhusu nini?"

Hapo ndipo nilipopiga kelele. Niliyoyasema sitayarudia, mengine yalimgusa hata marehemu mumewe. Yeye akafunika mkate kwa kitambaa, kana kwamba nitautemea mate.

"Mimi naandika," akasema. "Ukitaka kukwangua, kwangua. Mkono ni wako."

Jumatano akanipa uso wa spidomita, umekauka, mzuri ajabu, na neno likiwa mahali pake. Nikaenda nao gereji, nikafunga mlango, nikachukua pamba na asetoni. Dakika moja haikufika. Neno likafutika lote.

Ijumaa nesi Vilhelmina alikuja na furaha zake, ameniletea jibini ya nyumbani kwake, tukaenda pamoja kituo cha ukaguzi. Mkaguzi alikuwa Bronius, mtu mkimya, masharubu meupe. Alipima breki, akapima taa, akainama kwenye dashibodi. Akakaa pale ameinama kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda.

"Hii saba ni ya Teofilė," akasema.

"Ni yake," nikajibu kwa majivuno, mjinga mimi.

"Na neno lake liko wapi?"

Nikajifanya natazama tairi.

"Nyuso zake nimeziona zaidi ya mia. Zote zina neno. Huu, mtu ameuchezea." Akasimama, akajipangusa mikono. "Na aliyechezea hapo, nitajuaje hakuchezea na spidi? Halipiti."

"Neno gani?" nesi akauliza.

Alikuwa ananitazama mimi, si Bronius. Nilitafuta uongo, nawaambieni kweli, niliutafuta. Bronius ndiye aliyemwambia. Nesi akapiga hesabu kwa sauti ya chini, kama wanavyohesabu dawa: kilometa laki moja na hamsini na saba elfu na zaidi.

"Mkanda wa injini, Rimgaudas," akasema. "Uliniambia nina muda mrefu."

Heri angenitukana. Matusi nayajua, ningemjibu.

"Nipeleke kwa huyo mama," akasema.

Mama Teofilė alipofungua mlango alitutazama, akautazama ule uso wa spidomita niliokuwa nimeutoa garini na kuushika kifuani, akaelewa yote. Nilingoja anianike mbele ya mgeni. Haki yake. Akasema tu, "Ingieni, mnaleta baridi." Akamkalisha nesi dirishani, akamkatia mkate mweusi, akamuuliza wazee wa kule siku hizi wanaumwa nini zaidi. Kisha akavaa miwani, akazima redio, akaandika. Maili. Sijui kama alivuta pumzi. Alipomaliza akapuliza polepole na kunirudishia.

"Jioni litakuwa limekauka," akasema, na huo ndio ukawa ugomvi wake wote na mimi.

Nilirudi gereji nikafungua injini, nesi amesimama nyuma yangu na koti lake, hataki kukaa. Nikatoa kifuniko cha mkanda. Mkanda ulikuwa umepasuka pembeni, nyuzi zimetoka nje, meno matatu hayapo. Sijui ulikuwa umebakiza nini. Pengine hata Rokiškis usingefika.

Vilhelmina aliushika, akaupindapinda vidoleni. "Kule kuna msitu kilometa kumi na nane, simu haishiki," akasema. Basi. Mimi nikafunga mkanda mpya, siku nzima ya Jumamosi, bila kuinua kichwa. Jumatatu gari lilipita kwa Bronius na likaondoka.

Ule mkanda mbovu niliupeleka kwa Mama Teofilė. Nikauweka mezani.

"Ondoa uchafu huo karibu na mkate wangu!" Kisha akainama, akautazama kwa kile kioo chake cha kukuzia. "Yametoka mangapi?"

"Matatu."

Akaenda kwenye jokofu, akanimiminia supu baridi ya bitiruti, bakuli limejaa mpaka juu, akakaa kunitazama nikiila. Nililia, ndiyo, mtu mzima wa miaka arobaini na moja, supu ya rangi ya waridi kwenye masharubu. Akanipa kitambaa cha kukaushia vyombo.

Tangu hapo hapajatoka gari kwangu bila uso wake. Wenzangu walicheka, wakanuna, kisha wanunuzi wakaanza kuuliza wenyewe, "Hili ni la yule mama mwenye neno?" Wakaacha kucheka. Na yeye hakujua kwamba amekuwa mtu mkubwa. Alijua saba yake, sita yake, na sekunde sabini na mbili.

Mwaka jana mkono wake ulianza kutetemeka. Namba bado anazichora, asubuhi, akiwa hajanywa kahawa, na zinatoka vilevile. Herufi ndogo ndizo zinazomshinda. Majuzi nilikwenda kuchukua kazi, nikaukuta uso umekamilika, ila chini ya kaunta pamebaki patupu. Nikadhani amesahau.

Akanisogezea brashi.

"Andika wewe."

"Mama, mwandiko wangu ni mbaya. Utakuharibia kazi. Kila mtu atajua si wako."

"Ndiyo," akasema, akazima redio. "Nataka wajue ni wako."