Wiki Moja ya Kusubiri Bei ya Kahawa

Mimi ni mtu wa kucheka hata msibani, lakini hili nimejaribu kulicheka miaka miwili sasa na bado sijaweza.

Masomo ya jioni pale Bugene yalinipa cheti cha kidato cha nne na mchumba, binti wa Kyerwa aliyekaa dawati la mbele yangu. Hesabu za wastani tulijifunza pamoja. Yeye aliziacha darasani, mimi nikazipeleka kwenye kahawa.

Unachukua bei za minada mitatu ya mwisho, unapata wastani. Unachukua za minada saba, unapata mwingine. Mnada mpya ukipita, unaacha wa zamani kabisa na kuhesabu upya. Ukizichora, mstari mfupi wa minada mitatu ukiupita kwa juu ule mrefu wa saba, bei inapaa. Halafu kuna bei egemeo: ya juu, ya chini na ya kufungia mnada, jumlisha, gawa kwa tatu, bei ikisimama juu ya hapo, usiuze. Nilichora yote kwa mkaa kwenye ukuta wa stoo, nikajiona dunia nzima inasubiri ushauri wangu.

Mahari tulipanga kupeleka Jumamosi. Ndizi zilishakamuliwa, pombe ya rubisi inachacha. Alhamisi nikaona mistari imebakiza unywele kugusana.

"Baba mdogo," nikamwambia mshenga wangu, "tusogeze wiki moja. Tuuze magunia yangu ya kahawa mnada ujao, tuongeze ng'ombe wa pili."

"Na rubisi utaiambia isubiri?"

"Tutakamua nyingine. Wakwe wapigie simu."

Alinitazama kama amenikuta nakunywa mafuta ya taa. "Watu wakishaalikana, mwanangu, siku hiyo inasogezwa na msiba tu. Nani amekufa?"

Hakuna aliyekufa. Akapiga, shingo upande.

Jioni mchumba wangu akanipigia. "Baba anauliza mmefiwa na nani. Nimwambie nini?"

"Mwambie mstari mfupi unakaribia kuupita mrefu."

"Shangazi zangu wameshafika kutoka Muleba," akasema. "Kwa hiyo mimi na magunia tumepangwa foleni moja, na magunia yametangulia."

Nikamwambia asiwe na haraka. Maneno hayo niliyasema kwa mdomo wangu huu.

Mnada ukaja, mistari ikapishana kama nilivyochora. Kahawa ikapanda, kijiji kizima cha Igurwa kikaniita profesa. Jumamosi tukapakia ng'ombe wawili na rubisi mpya, hao Kyerwa.

Baba yake alitupokea njiani, nje ya kibanja chao cha migomba. Nikatoa shikamoo, akaitikia vizuri tu. "Sisi tulikaa Jumamosi ile tuliyoalikana," akamwambia baba mdogo. "Leo hatuna kikao."

Binti akatoka, akapiga goti kumsalimia baba mdogo. Nikamwomba anisikilize kidogo.

"Uliuza bei gani?" akaniuliza.

Nikamtajia.

"Ni nzuri," akasema, akarudi ndani.