Sauti ya Pili ya Ambrose Wickham

Ambrose Wickham aliimba muziki wa kantri kwa miaka arobaini na mitatu, na katika nyimbo alizoimba na mdogo wake hakuwahi kuimba sauti ya kwanza hata siku moja. Sauti ya kwanza ilikuwa ya mdogo wake. Yeye alisimama hatua moja nyuma, kofia imeshuka mpaka kwenye nyusi, akipiga gitaa na kuimba sauti ya chini. Watu walipomuuliza kwa nini mkubwa anakaa nyuma ya mdogo, alikuwa na jibu lake tayari: "Mwenye sura kama yangu haendi mbele. Watoto watalia."

Sura yenyewe haikuwa mbaya kiasi hicho. Ila pua ilikuwa imepigwa teke na ndama kule ranchini walikozaliwa, ikapinda kushoto, na ikabaki huko huko.

Walianza wakiwa vijana, na Toyota ambayo breki zake zilikuwa za kuombea dua. Waliimba kwenye kumbi za bati, kwenye viwanja vya farasi, kwenye magereza ambamo nusu ya wasikilizaji walikuwa binamu zao, na mara moja kwenye harusi ambayo bwana harusi hakutokea, wakaimba hivyo hivyo kwa sababu nyama ilikuwa imeshaiva. Njia ya Kununurra iliwahi kuwakatia ekseli mahali ambapo hata kunguru walikuwa wanapita haraka. Siku ya pili akatokea mama mmoja wa wenyeji wa kule, wasiyemjua wala asiyewajua, akawapa unga, chai na mtungi wa maji, akawaambia, "Imbeni basi, siyo mnakaa tu." Wakamwimbia peke yake nyimbo kumi na moja. Ambrose husema mpaka leo kwamba hajawahi kupata hadhira bora kuliko ile. Ukimsikiliza akihesabu maisha yake, hutasikia tuzo wala redio. Utasikia nani alimpa godoro wapi, na nani alimchemshia chai.

Wimbo uliowalisha ni mmoja, "Moshi wa Mama". Mdogo wake aliutunga juu ya mama yao, aliyewaokea wachunga ng'ombe mkate wa majivuni kwa miaka ishirini bila mzungu hata mmoja wa ranchi ile kumuuliza jina lake. Toka Alice Springs mpaka pwani, ukiupiga wimbo huo, wanaume wenye ndevu wanajifanya wameingiwa na vumbi machoni.

Halafu miaka minne iliyopita, majira ya baridi, moyo wa mdogo wake ukasimama. Pale kijijini kwao, Finlay Bore, nyumba yake ikafukizwa kwa majani mabichi, picha zikafichwa, kaseti zikatiwa sandukuni, na jina lake likawekwa kando, maana kwa desturi yao jina la marehemu halitajwi mpaka majonzi yaishe. Hata yule kijana wa dukani aliyekuwa somo yake ikabidi aitwe Fulani, na hata mshahara wake ukawa mshahara wa Fulani. Wimbo nao ukanyamazishwa, maana ndani yake mlikuwa na sauti ya marehemu. Mwenye kuufungua alikuwa mjane wake, Noreen, pamoja na watu wake, siku watakayoona majonzi yametosha. Inaweza kuwa mwaka, inaweza kuwa kumi. Jambo hili haliombwi. Ukiomba, umeharibu.

Na Ambrose alikuwa ameshaharibu mara moja. Mwaka wa pili wa msiba alialikwa kwenye rodeo moja, michezo ya kupanda farasi na mafahali, huko Queensland, mwendo wa siku mbili kwa gari. Asubuhi, wakati wa kujaribu spika, uwanja ulikuwa mtupu: mafundi watatu na mbwa mmoja. Akaona hapa hakuna ndugu, hakuna wa kuumia. Akaupiga ubeti mmoja, polepole, kwa kuutamani tu, kama mtu anayefungua kabati kunusa shati. Fundi mmoja akavutiwa, akarekodi kwa simu, akautupa mtandaoni. Ambrose alipofika nyumbani, Noreen alikuwa ameshausikia, amesimama kwenye foleni ya duka, kutoka kwenye simu ya mtoto wa shule. Trei ya mayai ikamtoka mikononi.

Ambrose akampelekea mikia miwili ya kangaruu, minono, kuomba radhi. Noreen akaipokea, akaichoma, akaila na wajukuu. Lakini hakumsemesha. Mikia ilisamehewa, aliyeileta hakusamehewa. Mwaka mzima ukapita, na mwingine ukakaribia kwisha, mashemeji hao wawili wakiulizana habari kupitia kwa Tarnya, binti wa marehemu, ambaye alichoka kuwa posta.

Mwaka huu koo ndilo likaanza. Kwanza sauti ilikwaruza, baadaye hata chai ilipita kwa shida. Tarnya akamwendesha mpaka Alice Springs, daktari akamulika na taa, akamwonyesha uvimbe kwenye skrini. Ikapangwa apasuliwe Adelaide, Jumanne ya wiki ifuatayo.

"Utapona," daktari akasema. "Kuongea utaongea. Kuimba, mzee, sitakudanganya."

Njiani kurudi, Tarnya ndiye aliyeshika usukani.

"Baba mkubwa," akasema, "Jumamosi ni michezo yetu ya kijiji. Ndiyo mara yako ya mwisho kupanda jukwaani."

"Na mimi nilikuwepo daktari aliposema."

"Niongee na mama kuhusu ule wimbo?"

"Ukithubutu nitakukana."

"Unikane mimi, halafu nani atakuendesha Adelaide? Ile pua yako?"

Ambrose akacheka, koo likamkwama, ikabidi wasimamishe gari anywe maji. Alipotulia akasema, kwa sauti ya mtu asiyetania tena, "Mwanangu, nautaka ule wimbo kuliko ninavyotaka kupona. Lakini hauombwi. Niliiba mara moja, siwezi kuja sasa na ugonjwa wangu nikauombea huruma. Mwache mama yako."

Nyumbani wakamkuta Glenn, mwalimu wa michezo, mzungu aliyekaa Finlay Bore miaka sita na bado anaungua pua kila kiangazi. Alikuwa anapanga ratiba.

"Mzee Ambrose, Jumamosi utaupiga ule?"

"Upi?"

"Ule wa mama. Watu wanatoka mbali."

"Basi waje na mpira."

Glenn akaelewa. Miaka sita si haba.

Alhamisi asubuhi Ambrose akapiga moyo konde, akaenda kwa Noreen. Hakwenda kwa ajili ya wimbo. Alikwenda kuaga, kwa sababu mtu haendi kupasuliwa bila kumwarifu mke wa ndugu yake. Akamkuta uani, amekaa kwenye godoro chini ya kivuli cha bati, anakanda unga. Mbwa watatu wakamnusa buti, wakamtambua, wakapuuza. Ambrose akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, upande, bila kumkazia macho.

"Shemeji."

Noreen akaendelea kukanda.

"Naenda Adelaide. Ni hili koo."

"Nimesikia. Hapa hata hawa mbwa wanajua."

Hilo lilikuwa neno lake la kwanza kwake kwa karibu miaka miwili, na Ambrose akalipokea kama lilivyo. Alikuwa amejiandalia maneno mawili matatu ya kuaga. Yakamtoka mengine kabisa.

"Miaka yote ile," akasema, "nilikuwa nakuja hapa na Toyota, napiga honi, namchukua mumeo. Tarnya alizaliwa tuko Kununurra. Alipougua surua tulikuwa Darwin. Paa lilipong'olewa na upepo, ulilipigilia misumari mwenyewe. Mpiga honi alikuwa mimi. Kule watu walinipigia makofi, wakanilisha, wakanilaza pazuri, na mimi kila aliyenipa kikombe cha chai nilimshukuru. Wewe ulinipa mtu. Sijakuambia asante hata siku moja. Nakuambia leo, shemeji. Asante kwa kuniazima."

Mikono ya Noreen ikatulia ndani ya beseni.

"Miaka arobaini," akasema. "Leo ndiyo umekumbuka?"

"Mimi mzito."

"Wewe si mzito, wewe gogo. Mzito angekumbuka mwaka wa ishirini."

Ambrose akakubali kwa kichwa. Alijua ni kweli.

"Ile ya Queensland," Noreen akasema, akiutazama unga. "Unafikiri nilikasirika kwa sababu umevunja mwiko."

"Nilivunja."

"Ulivunja. Lakini siyo hiyo. Nilipousikia pale dukani, kabla hujaanza kuimba, lile gitaa tu... nilidhani amerudi. Niligeuka nimtafute, Ambrose. Mbele za watu, mtu mzima, nikageuka kumtafuta." Akajifuta pua kwa mkono wenye unga. "Haya, nenda. Unga wangu unakauka."

Akaenda. Wimbo hakuutaja, wala Noreen hakuutaja. Njia nzima ya kurudi kwake alikuwa na huzuni juu ya yale mayai, na chini ya huzuni hiyo alikuwa na wepesi ambao hakuujua tangu siku ya msiba.

Jumamosi vumbi lilisimama juu ya Finlay Bore toka asubuhi. Jukwaa lilikuwa trela la lori lililoegeshwa kando ya uwanja, na Ambrose alipanda saa tisa mchana, baina ya mechi ya wanawake na fainali ya wanaume. Jamii saba zilikuwa zimekuja. Watu walikaa juu ya magari, chini ya magari, na mtoto mmoja ndani ya tairi. Akawaimbia nyimbo nane za wengine na za kwake, sauti inakwaruza kama bati linaloburutwa, na hakuna aliyejali.

"Mtoe huyo kofia tumwone!" kikongwe mmoja akapiga kelele.

"Utajuta, bibi!" Ambrose akamjibu kwenye kipaza sauti, na uwanja ukaangua kicheko.

Kisha akaanza kushukuru. Akashukuru kila tairi aliyoazimwa, kila godoro, kila aliyemsukumia gari kwenye mchanga. Akamshukuru yule mama wa njia ya Kununurra ambaye huenda alishakufa. Watu wakatulia, wakajua anaaga. Wengine walikuwa wanasubiri wimbo mmoja, na walijua kuwa hawatausikia.

Hapo Noreen akainuka. Alikuwa amekuja na kiti chake cha kukunja, amekaa mbele kabisa, spika amezipa mgongo. Akatembea mpaka kwenye trela. Glenn akakimbilia kumpa kipaza sauti, Noreen akakisukuma pembeni.

"Majonzi yametosha," akasema, na waliokuwa mbele wakawapasia maneno wa nyuma. "Sisi wenyewe tumekubali. Wimbo uimbwe." Akavuta pumzi. "Na jina lake litajwe. Lester. Mume wangu Lester."

Mabibi waliokaa upande wa mashariki wa uwanja wakalia kwa sauti, kilio kifupi, kikaisha. Fulani wa dukani, aliyekuwa juu ya pikapu, akajishika kifua kama mtu aliyerudishiwa shati lake.

Ambrose akaanza. Vidole vilikumbuka kila kitu. Akafungua mdomo, akaimba ile sauti ya chini, na watu wakatazamana, kwa sababu wimbo haukuwepo. Kulikuwa na msingi bila nyumba. Akaimba ubeti wa kwanza wote hivyo.

"We!" Noreen akamkatiza. "Wimbo uko wapi?"

"Hii ndiyo yangu, shemeji. Ile nyingine ya Lester."

"Lester yuko wapi sasa aje aimbe?"

"Siwezi kuichukua."

"Ninyi wawili mmenichosha," Noreen akasema. Akanyoosha mkono, Ambrose akamvuta, akapanda kwenye trela na viatu vyake vya plastiki.

Ieleweke kwamba Noreen hakuimba hata kanisani. Mumewe mwenyewe alikuwa akimtania kwamba akifungua mdomo kasuku watahama. Sasa akasimama hatua moja mbele ya Ambrose, mahali pale pale, akaimba sauti ya kwanza. Ilikuwa nyembamba, ikitetema, na si mara zote ilipanda mahali pake. Ambrose akaiweka yake chini, akapunguza mwendo Noreen alipopunguza, akamngoja alipokosa pumzi. Kazi hiyo alikuwa ameifanya maisha yake yote. Ubeti wa pili ukaisha, uwanja mzima ukavuta pumzi kupiga makofi, maana wimbo una beti mbili, kila mtu anajua.

Noreen akaendelea kuimba.

Ulikuwa ubeti wa tatu. Ulikuwa juu ya mwanamke anayesikia honi akiwa na unga mikononi, asiyetoka nje kuaga, kwa sababu akitoka atamshika mtu mkono na hatamwachia. Ambrose aliupiga ule wimbo mara ngapi? Mara elfu kadhaa. Hakuwahi kuusikia ubeti ule. Hakuwa na maneno yake, basi akamfuata bila maneno, kwa sauti ya chini tu, machozi yakimfuata pua mahali ilipopinda.

Makofi yalipotulia na timu za fainali kuanza kuingia uwanjani, wawili hao walikuwa bado wamekaa ukingoni mwa trela, miguu inaning'inia. Tarnya akawaletea chai. Ambrose akashindwa kuinywa.

"Noreen," akasema, na sauti ilikuwa imebaki kidogo sana. "Mbona hakuwahi kuuimba ule?"

"Aliuimba," Noreen akasema. "Kila mliporudi. Wewe ulikuwa umeshakwenda kwako kulala."