Homa ya Wageni wa Bibi

Pale sokoni Kashaulili, mjini Mpanda, upande wanakokaa wauza asali, kuna harufu ambayo hunifanya nipunguze mwendo hata ninapokuwa nimechelewa kazini. Si harufu ya utamu. Ni harufu ya moshi uliozama ndani ya asali, pamoja na nta na magome ya miombo, harufu nzito inayokaa kooni kabla hujaonja chochote. Wenzangu wa zahanati hununua na kulamba vidole palepale. Mimi pia hununua, lakini siku zote huwaacha wao watangulie kuonja. Wao hudhani ni adabu. Ninyi mnaonisoma nitawaambia ukweli: ni mazoea ya mtoto aliyewahi kumshuku bibi yake mwenyewe kwamba anawawekea watu sumu.

Ilikuwa katika miaka ya hamsini, kijijini kwetu, mwendo wa nusu siku kwa baiskeli kutoka Inyonga. Nilikuwa na umri wa miaka tisa hivi. Wazazi wangu walikuwa Mpanda, ambako Baba alifanya kazi katika mgodi wa madini ya risasi, nami niliachwa kwa Bibi, mama yake Baba, katika nyumba ileile nilimozaliwa. Tulikuwa watatu tu: Bibi, mjane aliyetembea wima kama mtu aliyejitwika mtungi hata pale alipokuwa hana kitu kichwani, Shangazi Edita, binti yake wa mwisho, ambaye mwaka ule alikuwa anaposwa na kijana wa mgodini, na mimi.

Nyumba yetu ilikuwa ya miti na udongo. Mahali pazuri kuliko pote palikuwa kando ya ukuta wa ndani, karibu na meko, ambapo joto la chakula cha jioni lilidumu mpaka alfajiri. Pale hatukulala sisi. Sisi tulilala chumba cha pili, kwenye kitanda cha kamba, tukiisikia baridi ya kiangazi ikipenya chini ya mlango. Mahali pa joto palikuwa pa mgeni, naye alitandikiwa mkeka ambao wenyeji hatukuukalia hata mchana.

Vilevile palikuwa na asali ya mgeni. Ilitunzwa katika kibuyu kidogo kilichoning'inizwa darini, mdomo wake umezibwa kwa nta. Mgeni alipofika, Bibi alikishusha, akageuka akampa mgeni mgongo, akakifungua huku midomo yake ikicheza bila kutoa sauti, kisha akamimina kidogo katika kibakuli. Sisi hatukuruhusiwa kulamba hata kile kizibo. Kwa muda mrefu sikuona ubaya wowote katika jambo hilo. Nilichokiona ni uchoyo.

Mgeni wa kwanza ninayemkumbuka alikuwa mwalimu wa dini aliyekuwa akizungukia vijiji. Alilala kwetu siku mbili, akala, akasali, akaondoka akiimba. Baada ya juma moja tukasikia kwamba amelazwa kijiji cha tatu, anatapika, viungo vinamuuma, mwili unawaka. Wa pili alikuwa fundi baiskeli kutoka Karema, ziwani. Naye aliondoka mzima, naye akaanguka njiani. Hakuna aliyetuambia neno. Ila kisimani niliona kina mama wanavuta ndoo zao kando Bibi alipokaribia, na penye pombe ya jirani kata aliyoinywea yeye ilibaki chini peke yake, hakuna aliyeipokea.

Kisha akaja Mzee Ladislaus, mshenga wa yule kijana. Alikuwa mtu mnene, mcheshi, aliyeishi miaka mingi katika nyumba za sementi za mgodini. Tulimpenda siku ileile.

"Mama Edita," alimwambia Bibi akijifuta mdomo, "ukizidi kunilisha hivi nitamwoa binti mimi mwenyewe, kijana abaki na mgodi wake."

"Tazama kwanza kama meno yamebaki, baba," Bibi akamjibu. "Binti yangu hupika makande magumu."

Alilala kwetu siku tatu, mahali pa joto. Posa ikakubaliwa. Shangazi Edita alikuwa akiimba hata alipokuwa anatwanga.

Siku kumi hazikupita, habari ikaja kutoka Mpanda: Mzee Ladislaus ana homa kali. Kisha ikaja nyingine: amepona, ameketi kitandani, anatania watu. Juma likaisha, ikaja ya tatu: homa imemrudia, safari hii anaongea maneno yasiyoeleweka. Kule kurudi kwa homa ndiko kulikotumaliza. Homa ya kawaida, watu walisema, huja na kwenda zake. Hii ilikuwa inaitwa, na anayeiita yuko mahali amekaa.

Hapo ndipo nami nilipoanza kuitazama mikono ya Bibi. Niliitazama ikichambua mboga, ikisonga ugali, ikinisuka nywele. Nilikuwa nampenda, na mikono ile ilikuwa imenilea, lakini nilipokumbuka midomo iliyocheza bila sauti juu ya kibuyu, nilikiacha chakula. Sikuthubutu kumwuliza Shangazi. Niliona njia moja tu ya kujua ukweli, na siku moja Bibi alipokwenda shambani nilipanda juu ya kinu, nikakishusha kibuyu, nikachota asali kwa vidole vitatu, nikala.

Ilikuwa tamu kupita kiasi, na hilo lilizidi kunitisha. Nikakaa kungoja kifo. Nilimgawia Shangazi ushanga wangu bila kumweleza sababu. Nilisali sala zote nilizozijua, na zile nisizozijua vizuri nikazisali nusu. Kila asubuhi nilijigusa paji la uso. Siku kumi zikapita, kumi na tano zikapita, sikuumwa hata jino. Basi nikamwendea Bibi, nikaungama kila kitu. Hakunipiga. Alikaa chini, akasema kwamba ile ilikuwa asali ya mwisho aliyoirina Babu kabla hajafa, na kwamba kila alipoifungua alimwarifu Babu, kimoyomoyo, ni nani aliyekuja kututembelea. "Na wewe ningemwarifu," akasema, "lakini umekula kama mwizi." Nililia kwa aibu, na pia kwa furaha, kwa sababu Bibi wangu hakuwa muuaji nami nilikuwa na ushahidi.

Ushahidi huo niliutoa vibaya. Asubuhi moja walikuja: Mzee Ladislaus, amekonda hata kola ya shati inamzunguka, akiegemea mkono wa dada yake, Mama Tekla, na mwanangwa, yaani mkuu wa kijiji chetu. Nyuma yao alikuwapo dresa, yaani tabibu msaidizi, wa zahanati ya Mpanda, na mkoba wake. Tulidhani amekuja kukagua shingo za watu kwa ajili ya malale, kama alivyofanya kila mara, hivyo hatukumjali. Wageni walikaa uani, wakakataa maji.

"Tumetoka kunywa sasa hivi," alisema Mama Tekla, ingawa midomo yake ilikuwa imekauka. Kisha akaendelea bila kupandisha sauti. "Sisi hatumwiti mtu mchawi. Tunauliza tu. Mbona anayelala hapa anaugua, na nyie mnaoishi hapa mnanenepa?"

Mwanangwa alitazama chini. Alisema kwamba kijiji kizima kina swali hilohilo. Kwamba lisipopata jibu, posa itavunjika, na itambidi Bibi ahame, aende kwa ndugu zake mbali na hapa, kwa sababu hakuna atakayekubali tena kuishi karibu naye. Bibi alikuwa amekaa wima, mikono mapajani. Shangazi Edita aliinamisha kichwa.

Nikasimama. "Asali haina sumu," nikasema. "Mimi niliilamba. Nililamba nyingi, na sikuumwa."

Nilingoja wanisifu. Mama Tekla alinitazama kwa huruma, nadhani, halafu akamgeukia mwanangwa.

"Umesikia mwenyewe. Mtoto amekula hakuumwa hata kichwa. Dawa ya nyumba hii inawajua walio wake."

Sitasahau namna Shangazi alivyofumba macho. Nilidhani nimeleta maji ya kuzimia moto, kumbe nilikuwa nimeumwagia mafuta ya taa.

Ni hapo dresa aliposogea. Alikuwa kijana mwembamba, mkali wa macho, aliyetutazama sote kama askari anayetafuta mali ya wizi, isipokuwa alitazama zaidi kuta kuliko nyuso.

"Mzee," alimwambia Ladislaus, "humu ndani ulilala upande gani?"

"Penye joto. Kando ya meko."

Dresa aliomba nguo nyeupe. Shangazi akaleta shuka. Akaingia ndani na kisu, tukamsikia akikwangua chini ya ukuta, kwenye nyufa, mahali hasa pa heshima ya nyumba yetu. Alitoka na udongo ndani ya karai, akaumimina juu ya shuka, juani.

"Huu ni mchanga na kokoto," Mama Tekla alisema. "Kwetu pia upo."

"Subiri kidogo, mama."

Tukasubiri. Mwanangwa alianza kutabasamu. Mzee Ladislaus, hata katika udhaifu wake, alimwuliza dresa kama serikali siku hizi inamlipa kwa kufukua nyumba za wajane. Kisha kokoto moja ya kijivu ikatoa miguu. Nyingine ikatoa. Muda si muda ule udongo ukawa unatembea, kila punje ikienda upande wake kutafuta kivuli, na Mama Tekla akaruka akashika khanga yake.

"Papasi," dresa alisema, wale kupe wa kwenye nyufa za nyumba za udongo. Alieleza kwamba Mzee alipokuwa na homa kali alimchukua damu kidoleni, akaitazama kwa hadubini, akaona vidudu vyembamba vilivyojisokota kama uzi, vikicheza katikati ya damu. Papasi akimfyonza mtu aliyelala, vidudu hivyo huingia mwilini kupitia pale alipouma. Huzaana, mwili ukawaka moto. Mwili hupigana navyo mpaka mtu akaamka akijiona mzima. Lakini vichache hubaki vimejificha, navyo huongezeka tena. "Ndiyo maana homa inarudi. Hakuna anayeiita."

"Na hawa?" Mama Tekla alimnyooshea Bibi kidole, lakini sasa kidole kilikuwa kimelegea. "Hawa mbona hawaugui?"

"Waliugua wakiwa wadogo. Papasi hawakai mekoni tu; wanawauma hawa tangu siku waliyozaliwa, miili yao imekwisha kuzoea vita. Kaka yako alikaa kwenye sementi miaka yote hiyo. Yeye mwili wake haujui vita hivi."

Watu wakapumua. Mzee Ladislaus aliomba maji, akayanywa yote mbele ya wote, kisha akaomba msamaha kwa sauti iliyovunjika. Mwanangwa akacheka kicheko cha mtu aliyeondolewa mzigo. Shangazi Edita alikuwa analia na kucheka.

Bibi peke yake hakusogea. Alikuwa akiitazama shuka.

"Mwanangu," akamwita dresa. "Na watoto wachanga, wanawauma?"

"Hasa wao, mama," yule kijana akajibu kwa upesi, kwa furaha ya mtu anayeulizwa jambo analolijua. "Wachanga ndio wanaokufa zaidi. Anayepona, ndiye huyo anayekuwa mtu mzima asiyeugua."

Bibi aliitikia kwa kichwa. Aliinuka, akazunguka nyuma ya nyumba. Shangazi alipotaka kumfuata, alimpungia mkono arudi. Kesho yake, kabla jua halijapanda, nilimkuta anaipiga jembe sakafu ya nyumba yake mwenyewe. Alikataa tusimsaidie. Mwisho wa juma aliichoma moto nyumba nzima, na harusi ya Shangazi ilifanyika chini ya kibanda cha majani. Watu walisema bibi wa watu ameona haya wageni kuonyeshwa wadudu wake. Nami nilisema hivyohivyo, na nilisema kwa miaka mingi, nikiifanya kuwa hadithi ya kuchekesha.

Nilikuwa chuoni, nasomea uuguzi, siku mwalimu wetu alipotufundisha homa hii. Alisema kwamba katika nyumba za namna ile afya ya watu wazima isitudanganye: hao ni waliobaki. Wenzangu waliandika. Mimi niliweka kalamu chini. Nilikuwa nimejua siku zote kwamba Baba na Shangazi Edita wamepishana miaka mingi sana, na sikuwahi kujiuliza katikati yao walikuwapo akina nani.

Likizo ile nilikwenda kwa Bibi. Njia nzima nilitunga maneno: kwamba hakuwa na kosa, kwamba wakati ule hakuna aliyejua, kwamba elimu ndiyo sasa inafika, nasi vijana tumejitolea kuifikisha. Niliamini kwamba ninamletea faraja. Nilimkuta anapepeta ulezi, nikaketi karibu naye, nikamwuliza alizaa wangapi.

"Saba," alisema. "Wawili wakakaa."

"Bibi, usingeweza kujua."

Aliendelea kupepeta. Makapi yaliruka, yakatua juu ya viatu vyangu vya chuoni.

"Papasi niliwajua," akasema. "Nani asiyewajua papasi? Nilikuwa nafagia, mjukuu wangu. Kila siku nilikuwa nafagia."

Maneno yote niliyoyatunga njiani yalinitoka. Niliuchukua ungo kutoka mikononi mwake, nikaendelea kupepeta mimi, naye akaniacha.