Majivu, Maharagwe na Kashamba ka Wanjiru

Nilitoka Kibomet, hapa Kitale, Jumanne asubuhi juu dadangu Wanjiru, mjane aliyeolewa Myanga huko Bungoma, alinipigia simu akilia. Watu wa huko walikuwa wanakutana waamue njia ya kwenda kisimani ipite wapi, na aliogopa itapita kwa kashamba kake ka sukuma wiki, ndiko kanalisha watoto wake. Alitaka nikawapatanishe. Mimi, bana, shule niliachia kidato cha pili. Lakini niliwahi kaa siku tatu kwa chuo cha wakulima cha Mabanga nikifundishwa kilimo, nikaona vile mzozo inachorwa chini na majivu: kila upande unapewa kitu yake ya kuusimamia, kama jiwe ama mbegu, mnasogeza hizo vitu mpaka mpatane. Tangu hapo najiita mtaalamu.

Njiani kwenda Bungoma mvua haikukatika. Nilifanya mazoezi na njugu kwa goti, nikajikuta nimekula upande mmoja wote.

Saa sita, Myanga. Mvua ilikuwa imeacha, na watu walikuwa wameketi nje ya nyumba ya Wanjiru: wenye ng'ombe, wachoma matofali, watu wa kanisa, na baba mkwe wake, Mzee Wekesa, ambaye ardhi, hata ya Wanjiru, iko kwa jina lake. Nikachora kisima na mashamba chini na majivu. Ng'ombe nikawapa mahindi, matofali mawe, kanisa maharagwe, mzee kifuniko ya soda. Wanjiru alikuwa jikoni. Nikadhani anapika chai.

Mahindi ikisogea, maharagwe inakataa. Mwishowe wote wakaangalia mahali pamoja penye hapakuwa na kitu. Mzee akavuta laini na fimbo.

"Hapa hakuna mtu. Si hata mwalimu ameonyesha?"

Wakapiga makofi. Mimi pia nilipiga, nikifurahia kuitwa mwalimu. Ni wakati walienda kupanda vijiti vya kuonyesha njia ndio niliona wamesimama katikati ya sukuma ya Wanjiru. Nikawakimbilia, nikasema nimekosea. Wakaniambia ati kila mtu ameona na macho yake.

Saa kumi niliingia jikoni, nikauliza Wanjiru mbona hakutoka. Alikuwa anasugua sufuria.

"Huku ni mwiko, hatukai penye baba mkwe amekaa. Miaka tisa sijawahi mpa mkono. Ningeinama mbele yake kuweka kitu aje?"

"Si ungeniambia uko na jiwe yako niweke?"

"Nilidhani wewe ndio jiwe yangu."

Jumatano, kurudi Kitale. Wanjiru alikuwa amevuna sukuma yote, hata ile changa, kabla majembe ya njia ifike, na ile hangemaliza akanifungia kwa gunia. Nimejifunza hivi: kabla umwage majivu, uliza nani yuko jikoni na nini inamzuia kutoka. Ile sukuma tulikula siku nne. Watoto wangu walisema ni tamu.