Fungu la Baba Mdogo Juu ya Meko

Ile wiki ya kabla ya Krismasi bado naiona vizuri, mwanangu, kwa sababu sijawahi kuwasumbua watu kwa maswali kama wiki ile. Nilikuwa nimemaliza kidato cha sita. Nafasi za masomo nilipata mbili, ya ualimu na ya uhasibu, na baba alitaka jibu siku ya Krismasi, ndugu wote wakiwa wamepanda nyumbani Kibosho, mlimani. Nikishajibu mbele yao, hakuna kugeuza.

Kila mtu alisema uhasibu. Wanunuzi binafsi wa kahawa walikuwa wameanza kupanda mlimani na magari yao, kampuni zinafunguliwa mjini, na wahasibu wanatafutwa. Mimi nikauliza: mhasibu hufanya nini hasa kutwa nzima? Hakuna aliyejua. Walijua anavaa shati safi, basi.

Nikateremka Moshi kwa baba mdogo Filbert, mhasibu wa kampuni moja ya kahawa. Alikuwa amepanga chumba mtaa wa Majengo, maana barabara ya kwetu mvua ikinyesha haipitiki, na kazi yake haikutaka visingizio vya matope. Nikamwamkia, nikamwomba twende wote kazini nikaangalie tu.

"Utasinzia, binti yangu," alisema akicheka.

Sikusinzia hata kidogo. Kumbe yule mtu, akiwa amekaa tu kwenye kiti, anaijua kampuni nzima: gari gani linakula mafuta kupita kiasi, ghala gani linavuja, nani anadai posho ya safari ambayo hakwenda. Bosi mwenyewe aliingia kuuliza kama wanaweza kununua mashine mpya. Baba mdogo akasema hapana, bosi akakubali, akatoka. Nilifurahi mno! Nilishajiona mimi kwenye kile kiti. Lakini tulipoingia kwenye chumba cha chai, maongezi yakakatika. Madereva waliokuwa wanacheka wakaanza kutazama vikombe vyao, naye akanywa chai yake pembeni kama mtu aliyezoea.

Nikashindwa kujizuia. "Baba mdogo, ungeanza upya, ungeichagua tena kazi hii?"

Aliweka kikombe chini. "Ningeichagua. Naipenda. Hesabu zikikubali, nalala usingizi mtamu sana. Ila safari hii ningemwuliza mama yako mdogo kwanza."

Basi nikapanda mlimani kumwuliza.

Asubuhi ya Krismasi mbuzi alichinjwa. Unajua kwetu kila mtu ana fungu lake la nyama, na asiyefika halipotezi. Nilimkuta mama mdogo jikoni akilifunga fungu la mumewe juu ya meko, likaukie kwenye moshi mpaka atakapokuja, maana alikuwa amebaki kazini Moshi; mwisho wa mwaka ndio wakati wa kufunga hesabu. Nikamwuliza ananishauri nini.

"Nyumba hii imetoka kwenye kazi yake," alisema, bado anakaza kamba. "Watoto wanasoma, njaa siijui. Lakini tangu anioe hajawahi kula nyama hii siku ya Krismasi. Hawa wanangu wanadhani Krismasi ya baba yao ni Januari. Ukiona utayaweza hayo, nenda. Ila usije ukasema hatukukuambia."

Mchana nikasimama mbele ya ndugu, nikasema nakwenda uhasibu. Nikaongeza kwamba fungu langu nalo waliweke juu ya meko. Walicheka sana, wakidhani natania.

Likawekwa huko miaka yote niliyofanya kazi, mwanangu. Kazi sikuijutia, ilinipa heshima na ilininoa akili. Lakini kila mwisho wa mwaka, nikiwa peke yangu ofisini, iliniuma, sitakudanganya.

Sasa nawe umepata nafasi, unaniuliza uichukue au uiache. Sikuchagulii. Nenda ukakae kutwa nzima na mtu wa kazi hiyo, umwone akiwa amechoka, umwone anavyopokelewa na wenzake. Kisha fika nyumbani kwake, uwaulize wanaomsubiri. Ukishajua inachokupa na inachokunyima, na moyo wako bado unaitaka, ichukue kwa mikono miwili.

Mungu akupe kazi utakayoamka ukiitamani, na akupe watu wa kukuwekea fungu lako hata ukichelewa.